UZI: Maswali kumi na moja, na jibu la kumi na mbili limefichwa. Nani ataling'amua?

KahawaChungu (mleta mada)

Salaam aleikum wadau, na habari za jioni kwa wote.

Barazani kwetu nyuma ya Marikiti tuna mchezo wa Jumamosi baada ya isha. Mmoja huja na maswali ya maarifa ya kawaida, wengine hujibu, na atakayeburura mkia hulipia watu kahawa na kashata. Jumamosi ijayo zamu yangu. Nimechoka na maswali ya "mji mkuu wa Australia ni upi", maana hata muuza madafu sasa ajua si Sydney. Nimetunga ya kwangu na nimeyafunga kamba moja. Kila jibu lasimama kwa miguu yake, lakini yote kumi na moja yana mahali yanapokutana, na hapo mahali sikupataja. Ndilo jibu la kumi na mbili, na ndilo lenye pointi nyingi.

Nayaleta hapa muyapime kabla sijaaibika mbele za watu. Kutafuta kwenye simu marufuku.

1. Mwaka 1963 India ilimchagua ndege mmoja awe ndege wa taifa. Ndege gani?

2. Samaki mkubwa kuliko samaki wote duniani ana madoa meupe mgongo mzima, na wavuvi wetu wamempa jina lenye pesa ndani yake. Nataka neno la kwanza la jina hilo.

3. Ile riale ya fedha iliyotumika pwani hii karne ya 19 ilikuwa na mwaka 1780, hata zilizopigwa miaka mingi baadaye. Sura iliyo juu yake ni ya mama mmoja mtawala wa Austria. Jina lake la kwanza latosha.

4. Razia alikalia kiti cha Delhi tangu 1236 hadi 1240. Vitabu vingi humwita Razia nani?

5. Mwandishi mweusi wa Marekani, alikulia mji mdogo wa Eatonville, Florida, akafa 1960 akiwa fukara. Kaburi lake halikuwa na alama mpaka mwandishi mwenzake, Alice Walker, alipoliwekea jiwe miaka ya 1970. Jina lake la kwanza?

6. Galileo alipoelekeza darubini kwenye Zohali mwaka 1610 aliona kama sayari ina masikio. Mholanzi Christiaan Huygens ndiye aliyeeleza kwenye kitabu chake cha 1659 kuwa si masikio. Ni nini?

7. Mansa Musa alipokwenda hija 1324 alipitia Cairo akagawa dhahabu mpaka thamani yake ikashuka sokoni. Nchi gani leo ina jina la dola yake?

8. Lile jengo la mwaka 1902 jirani na Fort Jesus, ambalo siku hizi Makumbusho ya Taifa huwekea maonyesho, lilijengwa liwe nini?

9. Khartoum iko pale Nile Nyeupe inapoingiliana na Nile ya Buluu. Mahali kama hapo paitwaje?

10. Mtu wa mwisho duniani kupata ndui kwa njia ya kawaida alikuwa mpishi wa hospitali huko Merca, Somalia, mwaka 1977. Wazee wetu waliochanjwa ndui zama zile wamebaki na nini mkononi?

11. Mwaka 1907 mwanasiasa kijana wa Kiingereza aliteremka hapa Mombasa akapanda gari moshi kuelekea Uganda. Baadaye akawa waziri mkuu, na 1953 akapewa Nobel ya Fasihi. Nani?

Kidokezo ni kimoja tu: kamba yenyewe iko sebuleni.

LikoniKwaFeri

Wa kwanza!! Tausi, papa, Maria, ya nne sijui, ya tano sijui, pete, Mali, mahakama, ya tisa "mdomo wa mto"?, kidonda, Churchill.

Kamba sijaiona. Sebuleni kwetu mna makochi na friji.

Bint_Bondeni

@LikoniKwaFeri friji sebuleni! Ya kumi ni kovu, kidonda kimepona zamani. Mamangu analo, la duara kama limepigwa muhuri.

Ya tisa ni makutano. Mdomo ni pale mto unapomwaga maji baharini.

BabaSwaleh_Majengo

Kamba nimeipata, fungeni uzi.

HARUSI.

Tausi hutariziwa kwenye mashuka ya bibi harusi. Riale ya Maria Theresa ilikuwa mahari. Sultana ni bibi harusi mwenyewe siku ya kupambwa. Pete haihitaji maelezo. Mali ndiyo baba mtu anayotaka kuona kabla hajatoa binti. Mahakama ni kwa kadhi. Makutano ni watu kujumuika. Kovu ni la moyoni, la yule aliyekataliwa. Na sebuleni ndiko wanawake wanakokaa wakipiga vigelegele.

Nipe pointi zangu nikanywe kahawa ya bure.

KahawaChungu (mleta mada)

@BabaSwaleh_Majengo wallahi nimecheka mpaka nimemwaga chai. Papa umempeleka wapi?

BabaSwaleh_Majengo

Papa ni kitoweo. Papa mkavu wa nazi na wali, harusi gani haina?

KahawaChungu (mleta mada)

Na Churchill?

BabaSwaleh_Majengo

Mpambe wa bwana harusi.

Mwl_Tudor

Nimepitia maswali na nina mawili ya kusema kabla ya hiyo kamba.

La kwanza ni Razia. Kweli vitabu vya shule humwita Razia Sultana, na jibu linalotakiwa nimelielewa. Lakini sarafu zake mwenyewe zilimtaja kwa cheo cha sultani, kama baba yake Iltutmish, na wanahistoria husimulia kuwa hakulipenda neno la kike kwa kuwa laweza kumaanisha mke wa sultani tu. Alikuwa mtawala. Kwa hiyo mtu ajuaye historia vizuri atajibu "Sultan" na utamnyima pointi, na yule aliyekariri atapata. Hilo kwa mwalimu ni swali linaloadhibu maarifa.

La pili ni ndui. Hapo umeandika "kwa njia ya kawaida", na nakupongeza, maana 1978 kulikuwa na mgonjwa mwingine Birmingham, Uingereza, aliyeambukizwa kutokana na maabara, na alifariki. Ungeyaacha maneno hayo manne ningekubana. Na yule mpishi wa Merca, Ali Maow Maalin, hadithi yake ni nzuri kuliko swali. Alipona, na miaka mingi baadaye akawa anazunguka kuwahimiza Wasomali wachanje watoto polio. Alifariki 2013, kwa malaria, akiwa kwenye kazi hiyo hiyo.

Bint_Bondeni

Mwalimu, kama ni wanawake waliotawala, Mombasa tunaye Mwana Mkisi tangu kabla ya hao wa Delhi kujulikana huku. Mbona hatumwoni kwenye maswali?

KahawaChungu (mleta mada)

@Mwl_Tudor ndiyo maana niliuliza "vitabu vingi humwita nani", sikuuliza alijiita nani. Mtu akisema Sultan pale barazani nitamwuliza "na kwa umbo la kike?" na mchezo waendelea. Kuna rafiki alinishauri niulize zabibu zile ndogo zisizo kokwa, lakini hiyo kila mwanamke apikaye biriani ataijibu kabla sijafika mwisho wa sentensi.

@Bint_Bondeni Mwana Mkisi nampenda, ila hana mahali kwenye kamba. Ukishaijua utaona kwa nini.

FundiTV_Makupa

Shikamooni wakubwa, wadogo marahaba.

Nimekuwa nikiusoma uzi huu tangu adhuhuri huku nimeshika chuma cha kulehemu. Baba Swaleh, hiyo harusi yako ina wageni wawili wasiojulikana na upande wowote, Churchill na yule mama wa Florida. Nimemkumbuka, ni Zora, Zora Neale Hurston. Sasa angalieni. Majibu mengine yote ni maneno ya Kiswahili au tumeyafanya ya Kiswahili. Haya mawili ni majina ya watu, tena ya kigeni kabisa. Mtunga maswali mwenye akili hachukui taabu ya kutafuta Zora ila awe anaitaka Zora yenyewe. Kwa hiyo kamba yashikika hapo. Zora gani mwingine mwamjua? Churchill gani mwingine?

Mimi simjui. Nimekwama hapo.

LikoniKwaFeri

Churchill mwingine ni yule wa vichekesho 😂😂

Bint_Bondeni

SUBIRINI.

Maria. Zora. Sultana.

Zimefuatana hivyo hivyo! Citizen walianza na Maria 2019, ikaisha ikaja Zora 2021, ikaisha ikaja Sultana 2022. Jioni ile hakuna aliyekuwa akiniongelesha, hata simu naitia chini ya mto.

Churchill Show. Papa Shirandula. Makutano Junction. Pete na Kovu za Maisha Magic. Mali ya NTV. Vioja Mahakamani. Na Tausi, ya KBC, ile mamangu akiisikia jina tu huanza kuimba!

Ni vipindi vya televisheni vya Kenya. Sebuleni! KahawaChungu wewe ni mtu mbaya sana.

KahawaChungu (mleta mada)

Mashaallah. Bint Bondeni kashinda, tena kwa njia niliyoiomba. Nilipanga la 3, la 4 na la 5 zikae pamoja, lakini nikazichanganya kidogo ili Sultana itangulie Zora. Nilijua aliyezifuata zote tatu ataziweka sawa mwenyewe kichwani.

Kahawa yako iko. Kashata pia.

BabaSwaleh_Majengo

Harusi ilikuwa nzuri zaidi.

FundiTV_Makupa

Yarabi. Mimi nimetengeneza televisheni za nusu ya mji huu na sikuiona. Ila nitajitetea: kazi yangu iko nyuma ya televisheni, mbele hukaa wenyewe.

Kwa kuwa mada imefika kwangu, niachieni niseme. Nyinyi mwataja Zora na Sultana kama vile picha ilianzia hapo. Televisheni Kenya ilianza 1962, mwaka mmoja kabla ya uhuru. Shirika likabadilishwa 1964 likaitwa Sauti ya Kenya, na ndilo jina lililokuwa midomoni mwetu utotoni, VoK, mpaka 1989 lilipokuwa tena KBC. Hata mwaka huo bado mlikuwa na stesheni moja. KTN ilikuja 1990, ya kwanza isiyo ya serikali. Lakini haikutufikia sote mara moja, kwa hiyo Tausi ilipotoka mwanzoni mwa miaka ya tisini ukisikia mlango wa jirani una kelele za televisheni, unajua watazama kitu kile kile unachotazama wewe. Hapakuwa na pa kukimbilia. Ilikuwa ya Kiswahili, watu wa kwenye Tausi walikuwa wakizungumza kama watu, na mtaa mzima ukinyamaza. Seti zenyewe nyingi zilikuwa nyeusi na nyeupe, inchi kumi na nne, za betri ya gari. Wateja waliniletea betri kuchajisha asubuhi ya siku ya kipindi, na wakiikuta haijajaa hapo ndipo ugomvi.

Antena ndiyo ilikuwa elimu. Mtoto mmoja darini aizungusha, mmoja dirishani apokea habari, mama sebuleni atoa hukumu: "Hapo! Rudi kidogo! Usiguse!" Na mtoto akishuka, picha yapotea. Kuna nyumba walimwacha kijana aishike mpaka kipindi kiishe.

Mlipohamia dijitali 2015 hayo yote yakaisha, na kazi yangu nayo ikageuka, sasa naletewa ving'amuzi.

Swali langu kwa mleta mada: Vitimbi iko wapi? Utafungaje kamba ya televisheni ya Kenya bila Mzee Ojwang na Mama Kayai?

LikoniKwaFeri

Mimi nasema ukweli, Tausi siijui. Nimezaliwa imekwisha. Vioja naijua kwa vipande vya mtandaoni tu. Kwa hiyo mchezo huu una upendeleo wa wazee.

Nyali_kwa_Mguu

@LikoniKwaFeri upendeleo gani? Umejibu Churchill "wa vichekesho" kwa mzaha na ndilo neno lililomfungua Bint Bondeni macho. Bila wewe tungali harusini.

Kwangu mimi hapo ndipo mleta mada amefanya kazi nzuri. Nimeyasoma maswali kwa sauti nyumbani. Mama mkwe wangu hajui Zora wala hajali Saturn ina nini, lakini la Maria Theresa alilijibu kabla sijamaliza, maana bibi yake alikuwa nazo zimeshonwa kwenye mkufu. Na Tausi alipoisikia akasema "ah, kama ile ya Rukia". Mwanangu wa kidato cha pili kajibu Mansa Musa na Huygens. Mume wangu kajibu Churchill na mahakama. Mimi nikabaki na Sultana. Hakuna aliyeweza peke yake. Sijawahi kuona maswali ya maarifa yanayowaweka watu wa nyumba moja meza moja namna hiyo, kwa kawaida ni mtoto mmoja anayejua yote na wengine tunaangaliana.

Mwl_Tudor

Nakubaliana na dada wa Nyali, ila niongeze upande wa utunzi, kwa kuwa nimewahi kuandika mitihani.

Swali lenye kiungo kilichofichwa lina kazi mbili, na watu wengi huharibu moja wakitafuta nyingine. Wakiwa na kiungo, hulazimisha swali. Utasikia "Taja kitu kinachoanza na V chenye vichekesho." Hilo si swali la maarifa, hicho ni kitendawili kibovu. Hapa, la Galileo ukiliondoa kwenye uzi huu ukalipeleka darasani bado ni swali zuri la sayansi. Hata la mahakama, ambalo ni la kwetu hapa, lina jambo la kufundisha: watu hupita pale kila siku kwenda Fort Jesus na hawajui kuwa lile jengo lilihukumu babu zao.

Ninachotaka kujua ni kwa nini papa awe samaki. Papa wa Roma angekuwa rahisi zaidi. John Paul II alikuja Kenya mara tatu, 1980, 1985 na 1995. Ungeuliza hivyo ungemaliza.

KahawaChungu (mleta mada)

Mwalimu umeuliza, nami nataka kujibu kwa urefu, maana hapo ndipo nilipopoteza usingizi.

Nilianza na orodha ya vipindi. Vilikuwa vingi. Nikaanza kuviuliza kimoja kimoja: wewe una maana gani nje ya televisheni? Tahidi High haikuwa na jibu la kunipa, maana hakuna mahali duniani paitwapo hivyo ila pale kwenye kipindi. Machachari nikaiweka kando, sikupata swali ambalo jibu lake ni machachari na si kingine. Inspekta Mwala vivyo hivyo. Na hapo, fundi, ndipo ilipoanguka Vitimbi. Nilijaribu kila njia. Mzee Ojwang, yaani Benson Wanjau, alitutoka 2015, na ningeweza kuuliza habari zake, lakini hapo ningekuwa nimeitaja televisheni waziwazi na kamba ingekatika. Kwa heshima yake nimeacha, nisimtie kwenye swali la kulazimisha.

Papa wa Roma nilimfikiria wa kwanza. Shida yake ni kwamba ukimtaja Papa, mtu wa Kenya hukamilisha "Shirandula" bila kutumwa. Masikio yetu yamezoea hivyo, na tangu Charles Bukeko, aliyemwigiza, afariki Julai 2020 ndiyo kabisa. Nilitaka mtu aione bahari. Papa shilingi anapita Diani na Watamu, anazidi mita kumi na mbili, na mdomo wote ule ni wa kuchuja vijidudu na visamaki vidogo, hana habari na wewe. Wavuvi husimulia kuwa Mungu alipomwumba alipendezwa naye, akawapa malaika shilingi za dhahabu na fedha wammwagie mgongoni, na ndiyo yale madoa. Mtu akishaanza kuisimulia hiyo barazani, Shirandula hamjii kichwani kamwe. Hapo nimemficha.

Zora nayo ilinitesa kwa upande mwingine. Ilibidi nitafute Zora wa kweli mwenye uzito, na bahati nzuri yupo, tena mkubwa. Najua ni swali gumu. Lakini lazima liwepo moja ambalo watu hawalijui, ili wakishapata kamba waweze kulirudia na kulijibu kwa nyuma. Bila hilo kamba haina faida, inakuwa pambo. Pale Bondeni mtu asiyemjua Hurston, akishajua ni vipindi, ataangalia "mwanamke, jina la kwanza, kati ya Sultana na Pete" na atasema Zora. Hapo anapata pointi, na anakwenda nyumbani akimjua mwandishi.

Churchill nimemweka mwisho makusudi. Ndiye mlango. Majibu ya mwanzo yote yanavaa kanzu ya Kiswahili, mtu akiridhika kuwa ni maneno tu ya kawaida, aja Mwingereza na sigara yake kuvuruga. Fundi aliliona hilo kabla ya wote, alibakisha hatua moja tu.

FundiTV_Makupa

Maneno hayo nimeyapokea, Vitimbi nimekusamehe.

Kuhusu pete za Zohali nina nyongeza, mjukuu wangu ndiye aliyenifundisha. Zile pete ni pana sana lakini nyembamba mno, na kila baada ya miaka kama kumi na mitano hutugeukia kwa ubavu, zikawa kama hazipo. Galileo lilimpata hilo 1612. Miaka miwili tu baada ya kuona "masikio", akatazama tena, hayapo. Fikiria mtu umeshawatangazia watu. Na hivi majuzi, Machi 2025, zimekaa ubavu tena.

BabaSwaleh_Majengo

Kama mke wangu akitafuta rimoti.

Nyali_kwa_Mguu

Swali la kando: zile Maria, Zora na Sultana si zote za Jiffy Pictures? Ya Lulu Hassan na mumewe Rashid Abdalla, wale wasomaji wa habari za Kiswahili. Nilikuwa nikijiuliza kwa nini Kiswahili cha humo kina harufu ya huku. Sultana ndiyo kabisa, pwani tupu, na yule binti asiyeona. Ukiisikiliza ukiwa jikoni bila kuitazama hukosi kitu.

Bint_Bondeni

Ndizo hizo hizo. Na nakwambia, msichana wa Bondeni kusikia mtu wa kwenye televisheni akisema maneno ya mtaani kwake, bila kufanywa mchekeshaji au mganga, si jambo dogo. Zamani mtu wa pwani kwenye kipindi alikuwa ama mchawi ama mvivu chini ya mnazi.

Mwl_Tudor

Hilo lastahili uzi wake.

LikoniKwaFeri

Mleta mada, pendekezo moja la Jumamosi. Usitoe kidokezo cha sebuleni mwanzoni. Kitoe baada ya swali la saba. Hapa kilitupeleka kwenye makochi, kikapoteza nguvu.

KahawaChungu (mleta mada)

Hilo nalichukua. Na maswali nitayasoma mara mbili kila moja, maana barazani kuna pikipiki.

BabaSwaleh_Majengo

Basi kwa kuwa nimedharauliwa na harusi yangu, nami nimetunga. Ni manne tu. Televisheni tena, lakini upande mwingine. Msinichekee.

a) Chukua herufi inayosimama badala ya potasiamu kwenye kemia, bandika mbele yake saa za siku moja.

b) Sanaa ya Kituruki ya kunyunyiza rangi juu ya maji kisha kulaza karatasi ichukue picha. UNESCO iliiorodhesha 2014. Yaitwaje?

c) Kilima kilichoko Siaya ambako Wajaluo husema babu yao alifikia alipoingia nchi hii. Jina la babu huyo?

d) Mchoraji Gustav Klimt wa Vienna alimaliza mwaka 1908 picha ya mwanamume na mwanamke, imejaa jani la dhahabu. Wanafanya nini? Jibu kwa Kizungu, kwa Kiswahili nitaona haya.

Mwl_Tudor

Baba Swaleh, umetunga haya mwenyewe?

BabaSwaleh_Majengo

Kwani vipi, mwalimu? Fundi cherehani hasomi?

LikoniKwaFeri

a) K24!!! Potasiamu ni K, tulifanya kidato cha pili. Hiyo ni stesheni. Kwa hiyo kamba ni stesheni za televisheni.

c) Ramogi. Ramogi TV.

Nyali_kwa_Mguu

b) Ebru. Nilikuwa nadhani Ebru TV ni jina la mtu, kumbe ni karatasi.

Bint_Bondeni

d) Kiss. Kiss TV ile ya muziki.

Baba Swaleh, mazuri, na nakupa heko kwa la potasiamu. Ila kamba yako imekatika kwenye swali la kwanza kabisa. Mtu akipata K24 hana kingine cha kufikiria ila stesheni, na yaliyobaki anayapata kwa mteremko. Ungeanza na Klimt, K24 ukaiweka mwisho, tungelala hapa.

BabaSwaleh_Majengo

Nimesikia. Naongeza la tano na sitalitolea kidokezo: sitiari ya Diogenes, yule mwanafalsafa wa Kigiriki, alipoulizwa anatoka mji gani.

Mwl_Tudor

Alisema ni raia wa ulimwengu, na unataka neno la Kiingereza la raia. Hiyo si sitiari, lakini swali ni zuri. Njoo Jumamosi, kahawa yako nitailipa mimi.